Alamu ya kaboni monoksaidi: uzoefu wangu kutoka baridi ya Minneapolis mpaka jikoni kwa mamangu Kisauni

Naandika nikiwa Kisauni kwa mamangu, mvua imenyesha tangu alfajiri, na hiki kidude ninachotaka kuwaelezea kiko hapo ukutani kinapepesa taa yake ya kijani. Ni alamu ya kaboni monoksaidi, ile gesi ya sumu inayotoka kwenye moto wa gesi au makaa. Mie ni fundi wa AC, kazi yangu ni kupoza nyumba za watu Nyali, Bamburi na Shanzu, kwa hivyo kila nikitaja hii kitu mtu ananiuliza fundi wa Mombasa anatafuta nini kwa vifaa vya nyumba za baridi. Basi ngojeni nianzie mwanzo manake nisipoanzia huko hamtanielewa mbona naipenda hivi.

Dadangu na mumewe walinunua nyumba ya zamani Minneapolis, jimbo la Minnesota huko Marekani, nyumba ya mbao ya orofa mbili na besmenti, yaani chumba cha chini ya ardhi. Shemeji akanipigia, akaniambia shemeji wewe ni fundi na hapa kumwita fundi ni pesa nyingi mno, njoo ututembelee na utusaidie kuifunga hii nyumba, mwaka jana tulilala na makoti. Nkaenda, nkakaa miezi mitatu ya baridi kali.

Sasa baridi ya kule si ya kusimuliwa ukaelewa. Sie hapa mwezi wa saba usiku ikishuka 21 watu wanatoa mablanketi. Kule usiku wa kawaida wa Januari ni kama 13 chini ya sifuri, na dadangu mpaka leo anasimulia tarehe 30 Januari 2019 ilipofika 33 chini ya sifuri, pua unaskia zinashikana ndani ukivuta pumzi. Ardhi yenyewe inaganda na ikiganda inafura inainua nyumba, ndo maana sehemu ile ya Minnesota msingi lazima ushuke inchi 42, zaidi ya mita nzima, na kaskazini kwao inchi 60. Mie nimezoea hapa kwetu mtu anachimba kidogo tu anapiga jiwe la matumbawe na kazi inaendelea.

Na fikra ya nyumba pia ni kinyume. Sisi tunajenga upepo upite, dirisha litazame lingine, matofali ya matundu juu ya ukuta, kaskazi ikivuma iingie huku itokee kule. Wao wanajenga upepo usipite kabisa. Nkajiambia hii ni kazi yangu ile ile, manake chumba cha AC kikiwa na nyufa ubaridi unatoka na bili inapanda, hapa ni joto ndo linatoka, tofauti iko wapi. Tofauti iko, na ndio nimekuja kuieleza, lakini wakati huo sikuiona.

Nlimpelekea dadangu zawadi za nyumbani, achari, kashata, leso na udi wa vijiti. Kile kijiti cha udi ndo kilikua kifaa changu. Unakiwasha, unakipitisha polepole pembeni mwa dirisha na chini ya mlango, moshi ukienda juu wima pako sawa, ukilala au ukikimbia ujue hapo pana ufa. Wallahi nyumba ile ilikua kama kapu. Tukaenda duka la vifaa mimi na shemeji tukachukua silikoni, mpira wa kubandika pembeni mwa milango, na ile nailoni ya madirisha ambayo unaibandika kwa tepu ya pande mbili kisha unaipuliza na draya ya nywele inavutika inakua ngumu kama kioo cha pili. Nailoni hiyo ni rahisi na inafanya kazi sana, ukikaa karibu na dirisha unaskia tofauti siku hiyo hiyo.

Kwa kaunta shemeji akaongeza kitu kingine, alamu ya kaboni monoksaidi ya kuchomeka kwa soketi, kama dola 40 hivi, ukipiga hesabu ya shilingi ni elfu tano na kitu. Nkamwambia shemeji si kuna moja pale juu tayari. Akasema ile ya mwenye nyumba wa kwanza imekua ikilia mlio mmoja mmoja kila dakika, betri amebadilisha na bado, akaigeuza nyuma akaona tarehe, imezeeka. Hizi alamu zina kifaa cha kemikali ndani ambacho kinachoka, nyingine miaka 5, nyingine 7, nyingine 10, kikichoka hata betri iwe mpya haisaidii. Akaniambia pia Minnesota ni sheria, lazima iwe ndani ya futi 10 kutoka kila chumba cha kulala, kama mita tatu. Mie kusema kweli nliona ni pesa ya kutii sheria tu. Nkaichomeka kwenye korido ya juu nje ya chumba cha watoto nkarudi kwa nyufa zangu.

Nliziba kwa siku nne. Siku ya tano nkashuka besmenti, huko kuna fanesi ya kupasha nyumba joto na kando yake hita ya maji ya gesi, ile aina ya zamani ambayo moto unawaka chini na moshi wake unapanda wenyewe kwa bomba mpaka juu ya paa. Kwenye kona nkakuta bomba nene la bati linatoka ukutani linashuka mpaka kwenye ndoo iliyo sakafuni, na kwenye ile ndoo kunamwagika baridi ya ajabu, mkono ukiweka hapo unauma. Nkajiambia mpaka sasa wote hawakuona tobo kubwa kama hili. Nkachukua matambara na taulo kuukuu nkalisindilia mpaka likakaza. Nkapitisha udi, moshi ukasimama wima. Nkafurahi sana.

Jumamosi yake tukapata wageni. Shemeji anapika pilau na feni ya jikoni ya kuvuta moshi iko juu kabisa, dadangu ana nguo za watoto ndani ya draya, ile mashine ya kukaushia nguo, watu wanaoga kwa zamu maji ya moto. Wageni wakaondoka saa tatu usiku. Dadangu akasema kichwa kinamgonga tangu alasiri, akasema ni uchovu. Mimi pia nlikua na kichwa kizito na kichefuchefu kidogo nkadhani nmezidisha kula. Mtoto mdogo akalala mapema kuliko siku zote na tukasema alhamdulillahi leo hatusumbui.

Saa nne kasoro ile alamu ikalia. Inalia mara nne haraka, inanyamaza, inalia tena mara nne. Ya moshi wa moto inalia tatu tatu, hii ni nne. Sauti yake ni kali mno, huwezi kuendelea kuongea. Nkapanda, kioo kinaandika 84, yaani sehemu 84 za hiyo gesi katika kila sehemu milioni moja za hewa. Mie nkataka kuichomoa nione kama imeharibika, mkono ulishafika, shemeji akapiga kelele kutoka chini, usiguse! Toeni watoto! Tukawafunga mablanketi tukatoka, nje ni 22 chini ya sifuri, nna soksi tu. Jirani Msomali aliyekulia Eastleigh akafungua mlango wake bila hata kuuliza, akasema ingieni ingieni kwa Kiswahili, na pale kwake baada ya kama nusu saa dadangu akasema kichwa kimeanza kupungua. Sitasahau alivyosema hilo neno na jinsi shemeji alivyomtazama.

Wazima moto walikuja na mita yao, wakashuka besmenti, huko chini ilisoma zaidi ya 140. Wakazima gesi, wakafungua milango. Mmoja akaingia na tochi akarudi na matambara yangu mkononi akauliza nani aliweka haya.

Nimeeleza urefu wote huu kwa sababu ya hapa. Lile bomba na ile ndoo halikua tobo. Waliojenga waliliweka makusudi liingize hewa ya moto, manake moto wa gesi unahitaji hewa, na ndoo iko pale ili hewa baridi ikae chini isitawanyike besmenti nzima. Sasa mimi nishaziba madirisha, nishaziba milango, nkaziba na hilo. Feni ya jikoni inatoa hewa nje, draya ya nguo inatoa hewa nje, hewa inayotoka lazima nyingine iingie badala yake, na nyumba haina tena pa kuvutia isipokua bomba la moshi la ile hita ya maji. Kwa hivyo moshi badala ya kupanda ukawa unashuka unamwagika ndani, na moto wenyewe ukikosa hewa ya kutosha unazidi kutoa kaboni monoksaidi. Fundi wa gesi alipokuja Jumatatu alinionesha kwa macho. Akarudisha tambara, akawasha feni na draya zote, akaniomba kile kijiti changu cha udi, akakiweka pale hita inapokutana na bomba. Moshi wa udi ukarudi nyuma kutukabili usoni. Akatoa tambara, tukangoja kidogo, akaweka tena, moshi ukavutwa juu ukapotea ndani ya bomba. Niliona haya na pia nlifunzwa kitu ambacho miaka yote ya ufundi sikua nakijua.

Na hii gesi haina harufu, haina rangi, haikereketi macho. Inashika damu mara mia mbili na zaidi kuliko oksijeni inavyoshika, kwa hivyo unapumua vizuri tu na mwili haupati kitu. Dalili zake kichwa, kizunguzungu, kichefuchefu, uchovu, usingizi, yaani unaweza kudhani ni mafua ila hakuna homa. Idara ya afya ya Marekani, CDC, inasema kila mwaka inaua zaidi ya watu 400 kwao kwa ajali tu bila kuhesabu moto wa nyumba, na zaidi ya laki moja wanakimbizwa hospitali. Na wale wana sheria na alamu ukutani.

Vitu vingine tulivyofanya nitavipitia haraka, vyote vizuri. Waya wa joto wa kuzungushia mabomba ya maji yaliyo ukuta wa nje, huo nunua ule unaojipima wenyewe joto na usiupishanishe juu ya mwenzake, maji yakiganda yanafura kama asilimia 9 na bomba linapasuka, usiku mbaya tulikua pia tunaacha mfereji udondoke tone tone na milango ya kabati chini ya sinki wazi. Pamba ya darini, valia barakoa, inawasha vibaya, na inasaidia theluji isiyeyuke juu ya paa ikaenda kuganda ukingoni ikarudisha maji ndani ya dari. Hita ndogo ya umeme ya wati 1500, hiyo shemeji alikua ameichomeka kwa ekstensheni nkaitoa siku ya kwanza, umeme wao ni volti 120 kwa hivyo inakula ampea 12 na nusu, hapa kwetu ingekula 6 na robo, ule waya mwembamba nliushika ulikua moto. Ichomekwe ukutani moja kwa moja na mita moja kutoka kwa pazia na kitanda.

Lakini ukiniuliza pesa ipi ilifanya kazi kuliko zote ni ile ya alamu niliyoidharau kaunta. Nikapiga hesabu, zile dalili za alasiri tulikua nazo sote na hakuna hata mmoja aliyeshtuka. Baada ya hapo kwa dadangu zimewekwa tatu, moja kila orofa na moja besmenti, na ile ndoo nmeiandikia kwa kalamu nene, usiliguse bomba hili.

Kabla ya kurudi nkanunua nyingine ya kuja nayo Mombasa. Angalieni hapa msipoteze pesa, ile ya kuchomeka kwa soketi ya Marekani ni ya volti 120, ukiileta hapa kwa 240 inaungua, na plagi yenyewe haiingii. Nlichukua ya betri, betri imefungiwa ndani haibadilishwi, inakaa miaka 10 kisha unaitupa. Nkaibandika kwa mamangu hapa ukumbini, hatua chache kutoka mlango wa jikoni. Mamangu akaitazama akasema hii nayo ni ya nini, nkamwambia ni ya makaa. Akasema makaa hayana tabu, yakishashika hayatoi hata moshi. Na hiyo ndo shida yenyewe, jiko likishakua jekundu safi bila moshi ndo watu wanaliingiza ndani, na kaboni monoksaidi inaendelea kutoka vile vile.

Ikakaa inaandika sifuri miezi miwili. Ikaja masika. Siku moja mvua ya upepo, niko juu ya ngazi kwa mteja Bamburi, mamangu ananipigia, mwanangu kidude chako kinalia, nmekifunika na leso na bado kinalia. Nkamuuliza umewasha jiko wapi mama. Ndani, mvua inaingia uani, nmefunga mlango napika maharagwe. Nkamwambia mama fungua mlango wa ua na utoke, nakuja. Akasema mvua yote hii? Sie tumepikia makaa tangu utotoni mwanangu, mbona tuko hai. Kisha akanyamaza kidogo akasema, ila kichwa kinanigonga tangu asubuhi, nlidhani ni presha.

Nlishuka ngazi nkaacha AC imefunguliwa vile vile. Nilipofika alikua amekaa barazani kwa jirani, mzima. Alamu ina kitufe cha kuonesha kiwango cha juu kilichofikiwa, nkabonyeza, 131. Maharagwe yanataka saa moja na zaidi motoni, jikoni dirisha lilikua limepigiwa plaiwudi tangu mwaka jana kwa ajili ya wezi. Nkaing'oa siku hiyo hiyo, nkaweka matofali ya matundu pale juu na nondo kwa dirisha, na uani nkamjengea kibanda cha mabati wazi pande tatu, jiko likae huko mvua iwe au jua. Tangu hapo haijalia tena. Akifukiza udi kwa chetezo mlango huwa wazi na inabaki sifuri.

Sasa ubaya wake, manake si kila kitu ni kizuri. Kwanza chini ya 30 inaandika sifuri tu, kwa hivyo sifuri si sifuri kweli, mjamzito au mtu wa moyo anaweza kua anavuta kidogo kidogo na haioneshi. Pili haina haraka kwa viwango vya chini, viwango vya Marekani vinataka ikiwa 70 ilie baada ya muda wa lisaa limoja mpaka masaa manne, ikiwa 150 kati ya dakika 10 na 50, ikiwa 400 kati ya dakika 4 na 15. Ukiona namba imepanda usingoje ilie. Tatu kijitabu chake kinasema joto lisizidi 38, sasa jikoni kwetu chini ya mabati saa saba mchana inazidi hapo, ndo sababu niliiweka ukumbini. Wanakataza pia bafuni kwa mvuke.

Na kubwa, msiichanganye na alamu ya gesi ya mtungi. Hii haisikii mtungi ukivuja hata kidogo. Gesi ya mtungi ni nzito inalala chini sakafuni, ina alamu yake na inakaa chini karibu na sakafu. Nimeshakuta mtu amenunua moja akidhani inafanya kazi zote mbili, hata ya moshi. Geuza boksi usome imeandikwa nini, na uangalie tarehe iliyotengenezwa, usiuziwe iliyokaa rafuni miaka mitatu.

Naipa nne kwa tano, ile moja nimeikata kwa ajili ya ile sifuri ya uongo.

Kesho asubuhi nna kazi Nyali, mteja ana hita ya maji ya gesi ndani ya bafu, na mwaka jana mimi mwenyewe ndo nlimzibia dirisha la lile bafu kwa silikoni ili ubaridi wa AC usitoke. Nimempigia leo usiku nkamwambia asiiwashe mpaka nifike. Nabeba patasi, na pakiti ya udi.